Ya Maiti Hayasemwi

Zamani zile, ukitaka habari ienee Ujiji kabla ya adhuhuri, hukuhitaji redio. Ulimwambia shangazi yangu, ukamwongezea "lakini usimwambie mtu," kisha ukaenda zako sokoni. Ukirudi unakuta habari yako imekutangulia nyumbani, imetiwa chumvi na pilipili, na jirani anakupa pole kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hukulisema hivyo.

Alizaliwa wapi, na ukoo wake uliingiaje Ujiji, hayo sitayasema. Ukoo wake ndio wangu, kwa kuwa yeye ni dada yake baba, na balaa lenyewe limo humo humo, tutalifikia. Jina lake nalo naliacha. Mtaa mzima tulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, naye aliitika kwa madaha kana kwamba amepewa cheo na serikali.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Mwanamke akifariki, Shangazi aliitwa hata kabla ya wachimba kaburi. Alifika na kafuri yake, majani ya mkunazi, ubani, kanga mbili kuukuu, na kiburi. Kiburi ndicho kilichotangulia kuingia. Alianza kwa kuwafukuza watu chumbani: huyu mikono yake mizito, yule analia kama anadai, yule mwingine hakuja kuosha, amekuja kutazama. Akibakiwa na wawili anaowataka, anatundika pazia, na kutoka hapo sisi wa nje tunasikia maji tu yakimwagika.

Na hapa ndipo penye ajabu yake. Mwanamke huyu, ambaye neno la mtu aliye hai halikukaa kinywani mwake hata chungu kikachemka, kwa habari za maiti alikuwa jiwe. "Ya maiti hayasemwi," alisema, na hapo hata ungemchanja kwa wembe hasemi. Mwosha akiona donda, akiona kovu, akiona alama ya kipigo, anafunika kwa sanda na anafunika kwa mdomo. Hiyo ndiyo sitara, ndivyo dini inavyofundisha, na mimi kwa hilo simcheki. Ninachomcheka ni kwamba sitara ile aliivuta na kuivuta, mpaka ikatufunika na sisi tuliokuwa bado tunapumua.

Alikuwa na methali aliyoipenda kuwapiga nayo wagonjwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Akikuona unakohoa kwa kujificha, anakupa hiyo. Kisha anajitazama kucha na kuongeza ya kwake: "Na kifo kikishamuumbua, anaumbuka mbele yangu peke yangu." Wanawake walicheka, lakini usiku ule yule mwenye kikohozi alikwenda kutafuta dawa. Kwa watu wa nyumba nyingine, Shangazi alikuwa tiba.

Kazi yake ya pili haikuwa na jina, ila kila mtu aliijua. Siku hizo posa haikujibiwa hivi hivi. Kwanza alitumwa mtu akaupeleleze ukoo: kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Wanakufa wakiwa na umri gani, na kwa nini? Mtu huyo alikuwa Shangazi. Alikwenda nyumba ya watu, akaketi mkekani, akala samaki wao wa migebuka, akasifia mtoto wao mdogo, akarudi na babu zao wote mkononi. "Wale wana kifafa, babu yao alianguka motoni." "Wale wazuri, ila wanaume wao macho yanakufa mapema." Alivunja uchumba wa watu kwa sababu ya kikohozi cha bibi aliyekufa wakati wa Wajerumani.

Nyumba yetu je? Nyumba yetu haikuwahi kupelelezwa na mtu. Aliyetakiwa kuulizwa ni yeye, na aliyetakiwa kuuliza ni yeye. Nyani haoni kundule, na huyu nyani wetu ndiye aliyepewa kazi ya kukagua makundu ya msitu mzima.

Maana sisi, niseme kweli, tulikuwa tunazika wanawake mapema. Bibi yangu, mama yake baba, alikufa mimi sijajua kutembea. Alikufa kwa nini? "Homa," alisema Shangazi. Shangazi yetu mdogo, yule aliyemfuatia huyu ziwa, alikufa nikiwa darasa la saba. "Presha." Kisha dada yangu mkubwa, mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani huku akisuka ukili, akafa hata mvi moja hajaiona. "Uzazi," alisema Shangazi.

"Uzazi gani, Shangazi?" nilimuuliza pale pale matangani. "Mtoto wake wa mwisho yule anafukuza kuku."

"Uzazi mwingine huchelewa," akajibu.

Na wanawake waliokaa pale, watu wazima wenye watoto na wajukuu, wakatikisa vichwa kukubali kwamba upo uzazi unaochelewa. Nani angebishana na mwosha? Kila mmoja alijua siku yake ipo, na hakutaka kuingia nyuma ya pazia lile akiwa na ugomvi.

Miezi yake ya mwisho dada alilazwa chumba cha uani kwa Shangazi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Udi ulifukizwa asubuhi hadi jioni mpaka majirani wakawa wanakohoa. Mimi nilikuwa napeleka uji, nabisha hodi, mlango unafunguliwa kidogo, mkono wa Shangazi unatoka, unachukua bakuli, mlango unafungwa. Niliona uchungu sana. Nilidhani ni kupenda ukubwa tu, kwamba hata ugonjwa wa dada yangu anataka uwe wake peke yake. Sikujiuliza udi mwingi vile ulikuwa unafukuza harufu ya nini.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Wa Burundi tulikwisha kuwazoea, lakini sasa ziwa likaanza kuleta wa Kongo, maboti kwa maboti, watu na magodoro na masufuria na mbuzi. Shangazi alishuka mwaloni, yanapotia nanga maboti, kila asubuhi, si kusaidia, ni kukusanya habari. Alirudi na orodha ya makosa yao kichwani: wanaimba mno, wanacheka midomo wazi, sombe yao, yaani kisamvu, inanuka mtaa mzima, vitenge vyao vina mabega kama ya mwanajeshi. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa moja.

"Hawana bibi," alisema. "Mtu amekuja na sufuria, bibi yake hakuja naye. Utamuuliza nani habari zake?"

Mdogo wangu wa kiume akampenda binti mmoja wa Uvira na akasema anamwoa. Shangazi alimwita, akamketisha.

"Yeye umemwona. Bibi yake umemwona?"

"Bibi yake alibaki ng'ambo, Shangazi. Labda amekufa."

"Amekufa kwa nini?"

"Vita, nafikiri."

"Unafikiri," akasema Shangazi. "Basi wewe unaoa sahani iliyofunikwa. Ukifunua ukakuta mifupa usije kulia hapa."

Wakaoana hivyo hivyo. Siku ya harusi Shangazi alikula pilau sahani mbili, akasema nyama ilikuwa ngumu.

Na huyo huyo, nisije nikaonekana nampaka matope tu, alifanya jambo ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri. Mama mmoja mkimbizi, Mwislamu, alifia mwaloni siku ile ile aliyoteremka botini. Hakuwa na ndugu, na wanawake wa mji walisimama mbali na kanga puani. Shangazi alikuja akawafukuza wote, kama kawaida yake. Akazungushia maturubai, akamwosha mama yule taratibu, akamchana nywele na kuzisuka, akamvika sanda aliyokuwa amejiwekea yeye mwenyewe sandukuni. Alitoka nyuma ya turubai macho mekundu, akatupita bila salamu. Kesho yake alikuwa barabarani akiwatukana wakimbizi wenzake na yule marehemu kwa sababu ya sombe. Alivyokuwa ni hivyo: ukiwa hai alikuchana, ukifa alikusuka.

Sasa nifike kwangu. Mimi nilikuwa nauza mawese soko la Mwanga, nimeolewa, nina binti mmoja. Siku moja naoga, mkono ukapita kwenye titi la kushoto ukakuta kitu, kigumu, kama punje ya kunde. Hakiumi. Nikakiacha, nikakirudia, kikawa bado kipo. Nikaenda zahanati ya mtaani, na pale nikamkuta daktari mwanamke, naye mkimbizi wa Kongo, aliyekuwa akisaidia baada ya daktari wetu kuhamishwa. Alinipima kwa mikono yake ya baridi, akaniuliza:

"Kwenu nani aliugua titi?"

"Hakuna. Mama yangu mzima, na dada zake wote wazima."

"Na kwa baba?"

Nikacheka. Hilo nililijua tangu utoto, Shangazi alitufundisha: msichana hufuata kwa mama yake. "Daktari, baba hana titi. Atanirithisha asicho nacho?"

Hakucheka. Akaninyooshea kidole usoni. "Hii kidevu ulitoa wapi?"

Nikakishika kidevu changu. Kila mtu Ujiji alijua kilikotoka. "Kwa shangazi yangu. Dada yake baba."

"Ni nani alikuletea? Si baba? Alikuletea kidevu ya dada yake, na ndevu yake hakukupa. Na hii ingine iko vile vile."

Kisha akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. Kwamba katika mbegu tunayozaliwa nayo, nusu ya mama na nusu ya baba, kunaweza kuwa na kosa dogo, na kosa hilo linafungulia titi njia ya saratani. Kwamba mwanamume analibeba naye ni mzima, anatembea nalo, anavua nalo samaki, kisha anampa binti yake bila kujua. Si kila mtoto hulipata, na si kila aliyelipata huugua. Lakini nyumba ambayo kosa hilo limo, utaijua kwa wanawake wake kuugua mapema, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa baba yako, wanawake walikufa na nini?"

"Bibi, homa. Shangazi mdogo, presha. Dada yangu, uzazi."

"Nani alisema?"

"Shangazi."

"Nani aliwaosha?"

"Shangazi."

Akaweka kalamu mezani. Akaniambia kivimbe peke yake, kwa umri wangu, angeweza kukitazama kwa muda kabla ya kunisumbua na safari ya Dar es Salaam. Lakini kama kwetu ugonjwa huo upo, hangoji hata wiki, ananiandikia niende nikakatwe. "Miye ningekuwa na hii kivimbe, nitauliza nani?" akasema. "Mama yangu aliangukia njiani. Mashangazi sijui kama wako hai ao wako chini ya udongo. Weye uko naye. Anakaa Ujiji, anakula migebuka. Enda umuulize."

Nikaenda. Nilimkuta anachambua dagaa barazani, nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema:

"Mkimbizi asiyemjua bibi yake anataka kumjua bibi yako."

"Mimi ndiye nataka kujua, Shangazi. Bibi alikuwa na kitu kwenye titi?"

"Ya maiti hayasemwi."

"Na dada?"

"Dada yako si maiti?"

"Shangazi, nina kivimbe. Mimi siyo maiti, ni mzima, nipo mbele yako. Nikifa kwa sababu hukuniambia je?"

Alichagua kijiwe kimoja katikati ya dagaa, akakitupa uani. "Nitakuosha vizuri," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonitia wazimu: alisema kama mtu anayeahidi zawadi. Niliondoka bila kuaga. Njia nzima nilimtukana kimoyomoyo, matusi ambayo mtoto wa kaka hapaswi hata kuyajua.

Nyumbani kila mtu alifurahi kwamba hakuna habari. Mume wangu akasema tungoje msimu wa mawese uishe. Kaka zangu wakasema kivimbe ni cha maziwa, kitayeyuka. Ndugu yako akiwa na jambo usilotaka kulijua, kungoja kunakuwa busara kubwa. Na mimi pia, niseme kweli, niliogopa kisu, na sikujitetea sana. Punje ya kunde ikawa punje ya njugu.

Ndipo akaniita. Alimtuma jirani, akasema nije peke yangu, na nije mchana. Nilipofika uani tu nikaisikia harufu ya udi, nzito, inatoka kwenye kile chumba cha dada. Hakuna aliyekuwa anaumwa katika nyumba ile, kwa ninavyojua mimi.

Nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga kanga juu ya kanga, na joto lile la Kigoma. Uso ulikuwa umeingia ndani, kidevu kimebaki peke yake. Nikasema shikamoo.

"Funga mlango," akasema. "Na komeo."

Nikafunga.

"Mimi ni maiti?"

"Hapana, Shangazi."

"Napumua?"

"Unapumua."

"Basi sikiliza. Ya maiti hayasemwi, na sitayasema, nimekula kiapo changu mwenyewe na nitakufa nacho. Lakini haya ni yangu, na mimi bado mzima."

Akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, akaondoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Sitaeleza yote niliyoyaona. Palikuwa na donda mahali palipokuwa titi, limesafishwa kwa mikono inayojua kusafisha, na harufu yake ilipita katikati ya udi. Nilitaka kutazama pembeni akanishika kidevu akanigeuza.

"Tazama. Uje usimulie vizuri kwa huyo mkimbizi wako."

Nikatazama. Nikamuuliza lilianzaje. Akasema lilianza kama punje ya kunde, halina maumivu. Nikamuuliza lini. Akasema zamani, tangu kabla ya maboti. Machozi yalikuwa yananitoka, nikamuuliza la mwisho:

"Ulipokishika mara ya kwanza, ulijua ni nini?"

"Nilijua."

"Ulijuaje, wakati hukwenda hospitali?"

Alikuwa ameanza kukikunja kile kitambaa. Akakiweka mapajani, akanitazama moja kwa moja.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshakiosha," akasema.

Hakutaja jina. Hakusema bibi, hakusema mdogo wangu, hakusema dada yako. Kiapo chake kilibaki kizima, na mimi nilikuwa nimejibiwa. Nilimpenda na nikamchukia kwa pumzi ile ile. Alilijua jambo hili dada yangu akiwa bado anabeba ndoo kichwani. Alikuwa mtu wa kuvunja uchumba kwa kikohozi cha bibi wa watu, na hili letu akalifukizia udi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti, neno kwa neno.

Nilipomaliza akasema, "Wewe ndiye utakayeniosha. Wale wengine mikono yao mizito."

"Nitakuosha," nikamjibu. "Lakini nikitoka nyuma ya pazia nitasema nilichokiona. Nitawaambia wasichana wote wa nyumba hii, na matanga yote yasikie."

Alijifunga kanga zake, moja baada ya nyingine, akakaza fundo. Nikadhani atanifukuza.

"Nikishakuwa maiti," akasema, "nitamkataza nani?"

Wiki ile ile nilipanda treni na barua ya daktari. Titi likabaki Dar es Salaam, mimi nikarudi Kigoma. Yeye alifariki nikiwa nimeshapona, nikamwosha kwa mikono miepesi kadiri nilivyoweza, nikamfunika vizuri kama alivyotufunika sote. Kisha nikatoka nje ya pazia. Wanawake walikuwa wameshaanza kuambizana kwamba ni presha. Nikamwita binti yangu, nikawaita binti za kaka zangu, nikasimama katikati ya mkeka nikawaambia.